Futa Kwanza: Mwongozo wa Kutengeneza Programu Iliyooza

Umerithi programu ya watu. Ina umri wa miaka kumi na tano na ushee, seva za dunia nzima zinaitegemea, hakuna anayejua vizuri inavyofanya kazi, na jana usiku imegundulika kwamba inamwaga siri za watu. Kila utakayemuuliza atakushauri ubandike kiraka, utoe toleo jipya, uombe radhi, ukalale. Mwongozo huu unakukataza kulala.

Utafuata desturi ya watengenezaji wa OpenBSD, mfumo endeshi huria alioanzisha Theo de Raadt mwaka 1995 huko Calgary, Kanada, baada ya kutengana na wenzake wa mfumo wa NetBSD. Ni watu wachache. Nembo yao ni samaki bunju, yule anayevimba akiguswa. Wanaamini jambo moja kwa moyo wote, nami naliamini pamoja nao: kosa ulilolikuta lina ndugu zake. Ukimkamata mmoja ukarudi nyumbani, hujatengeneza kitu.

Somo letu ni la Aprili 2014, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha kazi hii waziwazi namna ile. Tarehe 7 mwezi huo ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, maktaba ya programu iliyokuwa ikisimba mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Waliigundua pande mbili bila kuambiana: Neel Mehta wa Google na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Ilikuwa imekaa humo tangu toleo 1.0.1 la Machi 2012, miaka miwili mizima. Tovuti kama nusu milioni zilikuwa wazi. Hukohuko Kanada, mamlaka ya mapato iliibiwa namba za utambulisho za walipa kodi wapatao 900.

Basi keti. Chai iwe karibu. Anza kwa kulisoma kosa lenyewe mpaka mwisho, usiridhike na muhtasari wa magazeti. Kompyuta mbili zilizounganishwa huulizana mara kwa mara kama bado zipo. Anayeuliza hutuma ujumbe wenye baiti 1 ya aina ya ujumbe, baiti 2 zinazotaja urefu wa maneno, maneno yenyewe, kisha baiti zisizopungua 16 za kujazia. Anayeulizwa hurudisha maneno yaleyale. OpenSSL ilisoma urefu uliotajwa ikauamini. Mtu akituma neno moja fupi na kutaja urefu wa 65,535, seva ilichota karibu kilobaiti 64 za kumbukumbu yake ikamkabidhi: nywila za wateja, vipande vya barua, na pengine ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Tena haikuacha alama yoyote kwenye kumbukumbu za matukio.

Kiraka chake ni mistari michache. Jumlisha 1, 2, urefu uliotajwa, na 16. Jumla ikizidi ujumbe uliopokelewa, utupe ujumbe huo kimya kimya. Na utakapofungua kanuni rasmi ya mazungumzo hayo, RFC 6520 ya Februari 2012, utakuta imeagiza jambo hilohilo: urefu uliotajwa ukiwa mkubwa kupita kiasi, ujumbe utupwe. Kanuni ilikuwepo. Haikutekelezwa, na waliopitia msimbo ule hawakuona. Kiandike kiraka hicho, kitume, watu wajikinge usiku huohuo. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, na wengi huishia hapo.

Sasa uliza swali la pili, ambalo ndilo linalomtofautisha fundi na mbandika viraka: kwa nini kengele haikulia? OpenBSD ilikuwa na ulinzi wa kumbukumbu uliojengwa kwa miaka mingi. Programu inayosoma mahali ambapo haipaswi ilikuwa na nafasi nzuri ya kugonga ukurasa uliofungwa na kufa papo hapo, mbele ya macho ya watu. Kasoro kama hii ingeweza kujifichua mapema. Ted Unangst, mmoja wa watengenezaji wa OpenBSD, alilifuatilia swali hilo siku zilezile, akakuta OpenSSL haikuwa ikiutumia ulinzi wa mfumo ipasavyo. Ilikuwa na utaratibu wake wa kugawa kumbukumbu, uliowekwa kwa hoja kwamba ugawaji wa baadhi ya mifumo ni wa polepole. Ni sawa na mtunza ghala anayeazima magunia kwa mwenye mali, kisha yakirudishwa hayapeleki kwa mwenyewe, bali anayaficha nyuma ya mlango na kumpa mteja wa leo gunia lenye mabaki ya unga wa mteja wa jana. Mwenye mali hata akiweka walinzi kumi langoni, hawataona kitu.

Jaribu kuuzima utaratibu huo, kama alivyojaribu yeye. Msimbo una chaguo la kuuzima, limeandikwa kabisa. Ulizime uone: mawasiliano yanavunjika. Utakapochimba utakuta mahali ambapo programu inaachia kipande cha kumbukumbu, kisha mara moja inaomba kingine na kutarajia ipewe kilekile, na yaleyale yaliyokuwamo. Chini ya utaratibu ule wa OpenSSL jambo hilo lilitokea kila mara, kwa hiyo kosa likaonekana ni tabia njema. Chaguo la kuzima lilikuwepo kwa jina tu. Hakuna aliyekuwa akilijaribu. Kibaya zaidi, kasoro hiyo ya pili ilikuwa imekwisha kuripotiwa kwa wenyewe miaka kadhaa nyuma, ikakaa.

Hapo simama, ushushe pumzi, uamue. Ukikuta kosa moja la bahati mbaya, tengeneza kosa. Ukikuta kosa, na mtambo uliokuwa ukilificha kosa, na ripoti ya kosa iliyokaa miaka bila kujibiwa, basi kilichoharibika ni nyumba nzima. Watu wa OpenBSD waliamua hivyo. Walichukua nakala ya OpenSSL, wakaipa jina LibreSSL, wakaanza kufuta. Katika wiki ya kwanza waliondoa zaidi ya mistari 90,000 ya msimbo.

Jifunze kufuta kwa furaha. Tafuta kwanza msimbo wa mashine zilizokufa au zilizobakiwa na watumiaji wachache. Ndani ya OpenSSL kulikuwa na njia za kuendeshea VMS, OS/2, NetWare na Windows ile ya biti 16, pamoja na maandalizi ya EBCDIC, mpangilio wa herufi wa kompyuta kubwa za IBM. Kila njia ililetwa na mtu mwenye shida ya kweli kwa wakati wake, na simlaumu. Lakini mstari usioendeshwa popote bado unasomwa na kila anayekuja baadaye, na unamchosha kabla hajafika kwenye mstari wenye sumu. Huo ndio ubaya wa msimbo uliokufa, na ndiyo maana nasema kufuta ni kazi ya usalama hasa, haifai kuitwa usafi tu.

Baada ya hapo, ondoa kila kitu ambacho mfumo endeshi wa leo unakifanya vizuri kuliko wewe: ugawaji wako wa kumbukumbu, uchapishaji wako wa maandishi, usomaji wako wa saa. Andika kana kwamba unaandikia mashine moja ya kisasa inayofuata kanuni. Wanaohitaji mashine nyingine watengenezewe kiungo cha pembeni, kwenye faili zake, mbali na moyo wa programu. OpenSSH, programu inayotoka katika nyumba hiyohiyo tangu mwaka 1999 na ambayo msimamizi wa seva wa Dar es Salaam au Nairobi huitumia kuingia kwenye seva zake kila asubuhi, imeishi kwa mpango huo: upande mmoja msimbo safi wa OpenBSD, upande wa pili kundi linalouhamishia kwenye mifumo mingine.

Wakati unafuta, panga upya na mwandiko: nafasi, mabano, urefu wa mistari, vyote kwa mtindo mmoja. Utaambiwa unapoteza muda. Endelea. Jicho likishazoea mtindo mmoja, mstari uliopinda hujitokeza wenyewe. Ni katika usomaji wa namna hiyo de Raadt na wenzake walikuta msimbo ukichukua taarifa za ufunguo wa siri wa RSA na kuzimimina kwenye mtambo wa kuzalisha namba nasibu, eti ziongeze utata. Mtambo huo unaweza kubadilishwa na yeyote anayetumia maktaba, hivyo ufunguo ulikuwa ukikabidhiwa kwa mgeni. Kasoro hii haikuwa na jina, nembo, wala tangazo. Ilikuwa imekaa tu ikisubiri msomaji.

Mkono wako wa kufuta ukishachangamka, lazima nikushike. Mwaka 2006 watunzaji wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, waliona onyo kutoka kwenye programu ya ukaguzi: OpenSSL inatumia kumbukumbu ambayo haijajazwa. Mistari miwili ikazimwa, onyo likatoweka. Mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa ukiingiza takriban nasibu yote kwenye mtambo wa namba. Kilichobaki ni namba ya utambulisho wa mchakato, ambayo haizidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili, hadi tangazo la Mei 2008, funguo za siri zilizotengenezwa kwenye Debian, na mifumo iliyotokana nayo kama Ubuntu, zilikuwa chache kiasi cha kuorodheshwa zote na mtu mmoja mwenye kompyuta na subira. Kwa hiyo: usifute mstari usioweza kumweleza mwenzako kwa mdomo unafanya nini. Onyo la kompaila au mkaguzi ni mwaliko wa kusoma. Anayelinyamazisha bila kusoma amezima taa ya hatari akaendelea na safari.

Tufike kwenye ndugu za kosa. Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Chukua mfano huu mdogo. Programu inataka nafasi ya vitu kadhaa, kila kimoja cha ukubwa fulani. Mwandishi anazidisha idadi kwa ukubwa na kuuomba mfumo kiasi hicho. Inaonekana hesabu ya darasa la pili. Lakini kwenye mashine ya biti 32, vitu 65,536 vyenye baiti 65,536 kila kimoja vinatoa jibu la sifuri, kwa sababu jibu la kweli limezidi nafasi ya namba kwa kipimo hasa. Mfumo unatoa kipande kisicho na kitu, programu inakijaza mabilioni ya baiti, na adui aliyechagua namba hizo anaandika anapotaka. Ukikuta mahali pamoja penye hesabu hiyo, unaweza kuongeza sharti la kukagua. Ukikuta mahali pa pili utaongeza tena, na pa tatu utasahau.

Watu wa OpenBSD walifanya vingine. Walitengeneza funksheni mpya, reallocarray, inayopokea idadi na ukubwa kila kimoja peke yake, inazidisha yenyewe, na kukataa jibu likizidi. Kisha wakapita faili kwa faili, kwenye LibreSSL na kwenye mfumo wao wote, wakibadilisha hesabu ya zamani. Baada ya hapo anayekagua hahitaji kuwaza. Akiona alama ya kuzidisha ndani ya ombi la kumbukumbu, anajua kuna jambo.

Hawakuanza siku hiyo. Mwaka 1998 Todd Miller, mwenzao wa OpenBSD, na de Raadt walichoka na strcpy na strcat, funksheni za lugha ya C zinazonakili maneno bila kuuliza kama chombo kinatosha. Ile iliyodhaniwa kuwa dawa, strncpy, ina maradhi yake: chombo kikijaa haiweki alama ya mwisho wa neno. Wakaandika strlcpy na strlcat, zinazopokea ukubwa wa chombo, zinafunga neno kila mara, na kukurudishia urefu uliohitajika ili ujue kama kuna kilichokatwa. Wakazipachika kwenye mfumo mzima. Wakakifanya kiunganishi chao cha programu kimlalamikie kila anayeunganisha programu yenye strcpy. Wakubwa wa maktaba ya C ya GNU, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, walizikataa kwa hoja kwamba zinaficha uzembe. Zilipokelewa humo mwaka 2023, katika toleo 2.38. Miaka 25! Nakwambia hili ili usitarajie kupongezwa mapema.

Kuna ndugu wengine hawafutiki kwa funksheni mpya, basi wafunge kamba. Tangu toleo 5.9 la mwaka 2016, programu za OpenBSD hutoa ahadi kwa kiini cha mfumo zinapoanza kazi: nitasoma faili, nitaandika kwenye skrini, sitagusa mtandao. Jina lake pledge. Programu ikivunja ahadi, kwa sababu adui ameiteka au kwa sababu mwandishi wake hakuijua vizuri, kiini kinaiua hapohapo. Faida yake ya pili haisemwi vya kutosha: ili kuandika ahadi, mwandishi analazimika kuijua programu yake, na mara nyingi anaona kwamba inafungua faili katikati ya kazi wakati ingeweza kuzifungua zote mwanzoni. Anaipanga upya. Kosa linaondoka kabla halijazaliwa.

Usiogope pia kuondoa kitu kizima. Mwaka 2014 waliondoa msimbo wote wa Bluetooth kwenye mfumo wao kwa sababu haukufanya kazi sawasawa na hapakuwa na wa kuutengeneza. Mwaka uliofuata sudo, programu ya kumpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi, iliondoka kwenye mfumo wa msingi, nafasi yake ikachukuliwa na doas ya Unangst, ambayo ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuisoma yote kwa kikao kimoja. Watu walilalamika, na wana haki. Lakini kitu kibovu kinachobaki kwa heshima ya waliokizoea kinawadanganya kwamba kina mlinzi.

Sasa taratibu za kikazi, kwa ufupi. Leta mabadiliko madogo, jambo moja kwa wakati mmoja, ili mwenzako ayasome yote bila kuruka mistari. Usiingize kitu kabla mwenzako hajasema sawa. Kwao neno hilo ni herufi mbili, ok, na jina la aliyelisema hubaki kwenye historia ya msimbo milele. Naona hekima kubwa hapo, maana aliyekubali anabeba lawama pamoja na aliyeandika. Toa toleo kila baada ya miezi sita. Kilichochelewa kisubiri lijalo. Usipoteze muda kupamba: ukurasa wa kwanza wa LibreSSL uliandikwa kwa makusudi kwa Comic Sans, watu wakacheka, msimbo ukaendelea kusafishwa.

Kuhusu maneno, nina ugomvi na mashujaa wangu. Maelezo yaliyoambatana na ule ufutaji wa Aprili yalijaa kejeli kwa walioandika OpenSSL. Kejeli haikurekebisha mstari hata mmoja. Kundi la OpenSSL lilikuwa na mtu mmoja tu aliyeajiriwa muda wote, na michango iliyoingia kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000, wakati kampuni tajiri kuliko zote duniani zikiuza huduma juu ya jasho lao. Watu wa OpenBSD walipaswa kulijua hilo kuliko yeyote, kwani miezi mitatu tu kabla, Januari 2014, wao wenyewe walikuwa wakiomba dola 20,000 za kulipia umeme wa seva zao, vinginevyo wangezima. Andika maelezo makali kuhusu msimbo, kwa kadiri utakavyo. Mtu aliyeuandika usiku, bila mshahara, mwache. Baada ya Heartbleed fedha zilianza kuingia, na OpenSSL nao wakasafisha nyumba yao vizuri. Baadhi ya mifumo iliyohamia LibreSSL ilirudi huko. Alpine Linux ilirudi mwaka 2019. Sioni aibu kwa upande wowote. Maktaba mbili zinazosomwa ni bora kuliko moja isiyosomwa.

Mwisho, jiandae kukamatwa wewe. LibreSSL ya mifumo mingine, toleo 2.0.0, ilitoka tarehe 11 Julai 2014. Ndani ya siku chache mtengenezaji wa programu Andrew Ayer alionyesha kasoro kwenye Linux: mtambo wa namba nasibu ulitambua kwamba mchakato umejigawa kwa kulinganisha namba ya utambulisho wake na ile ya awali. Namba hizo huzunguka na kurudiwa. Mchakato mjukuu ungeweza kuangukia namba ya mchakato babu, mtambo ukadhani hakuna kilichobadilika, na michakato hiyo miwili ikatoa namba za siri zilezile. Ni namba ileile ya mchakato iliyowaponza Debian, imerudi kwa mlango mwingine.

Ukikamatwa hivyo, fanya walivyofanya. Toleo 2.0.2 lilitoka upesi likiwa na marekebisho, kisha wakarudi kuuliza swali la pili: kwa nini maktaba inahangaika kupata nasibu wakati kiini cha mfumo kinayo? OpenBSD ilikuwa na wito wa kuiomba moja kwa moja. Linux haikuwa nao. Ilibidi kufungua faili maalumu, na faili hilo linaweza kukosekana pale programu inapofungiwa kwenye saraka yake. Wakapeleka ombi kwa wenye Linux. Theodore Ts'o, mmoja wao, akaandika wito huo, getrandom, akataja kwenye maelezo yake kwamba umeombwa na watengenezaji wa LibreSSL, na Oktoba 2014 ukatoka katika kiini cha Linux toleo 3.17, ambapo kila programu, ya rafiki na ya mshindani, inaweza kuutumia.